Tinti ya Gari: Kabla ya Kumwachia Fundi Ufunguo

Jua la Nairobi huchomoza upande wa Eastlands na kuzama nyuma ya vilima vya Ngong, na barabara kuu zinazotoka magharibi mwa jiji kuingia katikati zimelala karibu sambamba na njia hiyo hiyo. Kwa hivyo dereva wa Kangemi, Lavington, Kawangware au Dagoretti huenda kazini asubuhi akiwa ameelekea jua, na jioni akirudi nyumbani kwa Waiyaki Way, Ngong Road au Naivasha Road hulikuta tena mbele yake. Si ajabu kwamba wengi huanza kuwaza habari za tinti. Cha ajabu ni kwamba jua hilo la usoni ndilo ambalo tinti haiwezi kulitibu. Linapita kwenye kioo cha mbele, na hicho ndicho kioo ambacho hakifai kabisa kutiwa giza.

Makala haya yanaeleza jinsi tinti inavyofanya kazi, inachokinga na isichokinga, msimamo wa kanuni kuhusu matatu na magari mengine ya abiria, na maswali ambayo mwenye gari anapaswa kuyauliza dukani kabla ya kulipa.

Namba iliyo kwenye karatasi

Karatasi ya tinti huuzwa kwa namba: 70, 50, 35, 20, 5. Wateja wengi hudhani namba kubwa ndiyo yenye giza zaidi. Ni kinyume. Namba hiyo ni asilimia ya mwanga unaoruhusiwa kupita. Karatasi ya 70 hupitisha sehemu 70 za mwanga katika kila 100, na macho ya mtu wa kawaida huenda yasitambue kuwa ipo. Karatasi ya 5 hupitisha sehemu tano tu, na anayesimama nje haoni chochote ila uso wake mwenyewe.

Jambo la pili husahaulika hata na wauzaji. Kioo chenyewe, kabla ya kubandikwa chochote, tayari kinazuia mwanga kiasi. Tuseme kioo cha mlango kinapitisha asilimia 80. Ukibandika karatasi ya 35, matokeo si 35. Ni asilimia 35 ya ile 80, yaani 28. Ukibandika ya 20 unabaki na 16. Namba hizi huzidishwa, hazijumlishwi wala hazichukui nafasi ya mwenzake, na ndiyo sababu gari hutoka kwa fundi likiwa jeusi kuliko mwenyewe alivyokusudia.

Hesabu hiyo ina uzito zaidi hapa kwetu kwa sababu ya mahali magari yetu yanakotoka. Sehemu kubwa ya magari madogo yanayopangwa kwenye yadi za Ngong Road yalitumika kwanza Japani. Sheria ya Japani inataka kioo cha mbele na vioo vya milango ya mbele vipitishe angalau asilimia 70 ya mwanga. Vioo vya nyuma havikuwekewa sharti hilo, kwa hivyo viwanda vya huko huviunda vikiwa na rangi ndani ya kioo chenyewe. Ndiyo maana magari mengi yanayoshuka Mombasa yana milango ya nyuma myeusi na ya mbele myeupe. Hiyo si karatasi. Haiwezi kubanduliwa kwa wembe, na anayetaka kuiondoa hana budi kubadilisha kioo.

Sasa mwenye gari kama hilo akimwambia fundi "weka tinti gari zima", fundi atabandika karatasi juu ya kioo ambacho tayari kina giza. Kioo cha nyuma kinachopitisha asilimia 25 kikiongezewa karatasi ya 35 kinabaki na kama asilimia 9. Dereva anayerudi nyuma usiku katika uwanja wa nyumba za kupangisha, watoto wakiwa bado wanacheza nje, anatazama kupitia asilimia hiyo 9.

Namna rahisi ya kutambua ni kuteremsha kioo nusu na kuchungulia ukingo wake wa juu. Karatasi huonekana kama utando uliobandikwa kwa ndani na mara nyingi huishia milimita moja au mbili kabla ya ukingo. Rangi ya kiwandani huonekana katika unene wote wa kioo.

Giza na joto si kitu kimoja

Watu wengi huweka tinti nyeusi wakitafuta ubaridi. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Takriban nusu ya nguvu ya jua inayotufikia ni miale ya infraredi, ambayo jicho haliioni. Mwanga unaoonekana ni sehemu iliyo chini kidogo ya nusu, na miale ya urujuanimno ni asilimia chache tu. Karatasi ya bei nafuu ni plastiki iliyotiwa rangi. Inazuia mwanga vizuri, lakini infraredi nyingi hupita, na joto ambalo karatasi imelinyonya hulipasha kioo, kisha sehemu yake huingia ndani ya gari. Mwenye gari anapata giza bila ubaridi aliokuwa akiutafuta.

Karatasi ya seramiki hufanya kazi tofauti. Imechanganywa na chembe ndogo mno zinazozuia infraredi huku zikiachia mwanga. Kwa hivyo karatasi ya seramiki ya 70, inayokaribia kuwa nyeupe, inaweza kupunguza joto kuliko karatasi nyeusi ya rangi tupu. Bei yake ni ya juu, hilo halifichiki. Lakini anayesema shida yake ni joto, na kweli shida yake ni joto, hana haja ya kununua giza.

Kuna pia karatasi zenye madini ya metali. Hizi hurudisha joto nje vizuri, ila zinaweza kudhoofisha mawimbi ya simu, redio na ramani ya setilaiti. Dereva wa teksi anayetegemea simu yake kupata wateja azikwepe.

Hakuna karatasi inayolifanya gari lililoegeshwa juani kuwa mahali salama pa kumwacha mtoto, mzee au mnyama. Tinti hupunguza kasi ya joto kupanda. Haizuii joto lisipande. Na kioo cheusi kinaongeza hatari hiyo, kwa kuwa mpita njia hawezi kuona kwamba kuna mtoto ndani.

Ngozi

Nairobi iko karibu sana na ikweta na imeinuka takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ya ubaridi huwadanganya watu, lakini miale ya urujuanimno ni mikali hata siku ambayo mtu amevaa sweta. Kioo cha mbele cha gari kimetengenezwa kwa tabaka mbili za kioo zilizogandishwa na plastiki katikati, na plastiki hiyo huzuia karibu miale yote hiyo. Vioo vya milango havina tabaka hilo. Miale ya aina inayochoma ngozi haraka huzuiwa kwa sehemu kubwa, lakini ile inayopenya ndani zaidi ya ngozi hupita kwa kiasi. Mkono wa kulia wa dereva wa Kenya, ulio upande wa dirisha, ndio unaoipokea.

Kwa mtu mwenye ualbino, au mwenye maradhi kama lupasi yanayochochewa na jua, hili ni suala la afya. Jawabu lake si giza. Zipo karatasi zinazozuia hadi asilimia 99 ya miale ya urujuanimno huku zikipitisha asilimia 70 ya mwanga au zaidi, na mgonjwa akiziomba kwa jina, yaani karatasi nyeupe ya kuzuia urujuanimno, anapata kinga aliyoihitaji bila kuzuia macho ya dereva. Mafuta ya kukinga jua na mikono mirefu bado vinahitajika. Watu wenye ualbino hupewa mafuta hayo kupitia mpango wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Saa kumi na mbili na nusu jioni

Katika nchi za mbali na ikweta, jua la kiangazi huzama saa tatu au nne usiku. Nairobi halibadiliki sana. Mwaka mzima jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasorobo jioni au karibu hapo, na giza hufuata haraka, kwa muda wa dakika kama ishirini. Huo ndio wakati ambao ofisi zimefungwa, matatu zimejaa, na maelfu ya watu wanatembea kwa miguu kando ya Naivasha Road, Gitanga Road na Waiyaki Way kuelekea nyumbani. Kila mwaka takwimu za NTSA huonyesha kuwa wanaotembea kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi la wanaokufa katika ajali za barabarani nchini.

Karatasi iliyoonekana ya kiasi saa nane mchana ni kitu kingine kabisa saa moja jioni. Mchana mwanga ni mwingi hata ukipunguzwa nusu unatosha. Usiku mwanga wenyewe ni mchache, na dereva anayekata kona kutoka Gitanga Road hutegemea kioo cha ubavuni, mahali ambapo taa zake za mbele bado hazijafika. Mtu aliyevaa nguo nyeusi, mkokoteni usio na taa, bodaboda inayopita kushoto: vyote huonekana kupitia kioo cha mlango kabla ya kuonekana kwa kioo cha mbele. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio upeo unaoruhusiwa mijini, gari husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Kuchelewa kuona kwa sekunde moja ni urefu wa matatu mbili.

Umri nao unahesabika. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaopokelewa na jicho la kijana wa miaka 20. Kijana anapoweka tinti ya 20 kwenye gari ambalo babake huendesha Jumapili kwenda kanisani na kurudi jioni, amempimia mzee kwa macho yake mwenyewe.

Tena kuna upande wa anayetembea. Kwenye kivuko, mtu mzima humtazama dereva usoni kabla ya kuteremka barabarani. Anataka kujua kama ameonekana. Mama mwenye mtoto mgongoni pale steji ya 46 Kawangware akitazama kioo cheusi hapati jibu lolote. Anabahatisha.

Kwa hilo jua la kukabiliana nalo asubuhi na jioni, dawa ni za zamani: kioo cha mbele kisafishwe nje na ndani, kwa sababu vumbi na mafuta ya ndani ndiyo yanayotawanya mwanga, raba za waipa zibadilishwe zikianza kuchora, kinga ya jua iteremshwe, na miwani ya jua ivuliwe mara tu jua linapozama.

Kanuni zinasemaje

Kuhusu magari ya uchukuzi wa umma hakuna utata. Kanuni za mwaka 2014 za NTSA kuhusu uendeshaji wa magari ya uchukuzi wa umma zinakataza gari la abiria kuwekwa tinti kwenye madirisha au kioo cha mbele. Mwaka huo huo, tarehe 4 Mei, mabomu yalilipuka ndani ya mabasi mawili Thika Road, na serikali ikasisitiza agizo la kuondolewa kwa tinti kwenye magari ya abiria ili yanayotendeka ndani yaonekane kutoka nje. Usalama huo hauhusu ugaidi pekee. Abiria anayeibiwa au kudhalilishwa ndani ya matatu yenye vioo vyeusi hana shahidi nje. Michoro na rangi za matatu ni jambo jingine, na nyingi ni za kupendeza kweli, lakini mchoro unaofunika dirisha lote hufanya kazi ile ile ya tinti.

Mwenye teksi ya programu asijihesabu kuwa na gari la kibinafsi. Gari linalobeba abiria kwa malipo hukaguliwa na kukatiwa bima kama gari la uchukuzi wa umma. Kabla ya kubandika chochote, aulize NTSA.

Kwa gari la kibinafsi, nchi nyingine zimeandika asilimia waziwazi. Uingereza inataka kioo cha mbele kipitishe angalau asilimia 75 na vioo vya milango ya mbele asilimia 70. India ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya huko ilipiga marufuku kubandika karatasi ya tinti ya aina yoyote. Barabarani Nairobi, swali la afisa wa trafiki huwa la macho: je, dereva anaonekana? Mwenye gari anayetaka kuepuka mabishano afuate kipimo cha Japani kwa vioo vya mbele, yaani asilimia 70, na aache vioo vya nyuma jinsi vilivyotoka kiwandani. Polisi wakimsimamisha, ateremshe vioo vyote na awashe taa ya ndani ikiwa ni usiku. Jambo hili dogo huwapunguzia wasiwasi walio pande zote mbili.

Ni vyema pia wakazi waelewe nani anafanya nini. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na uchukuzi wa umma wa ndani ya kaunti. Ukaguzi wa magari ni kazi ya NTSA, na utekelezaji wa Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, barabarani uko mikononi mwa polisi. Mkazi anayedaiwa "faini ya tinti" na mtu wa maegesho ana haki ya kuomba kitambulisho cha kazi, kifungu cha sheria na stakabadhi rasmi, na asilipe pesa mkononi.

Simu na saidimira

Sababu nyingine inayotajwa sana ni wizi. Katika msongamano wa Globe au Haile Selassie, simu iliyo mkononi hunyakuliwa kupitia dirisha lililo wazi kwa kufumba na kufumbua. Sababu hiyo ina uzito, lakini kinachomwokoa dereva hapo ni kioo kilichopandishwa na simu isiyoonekana, hata kioo kikiwa cheupe. Giza nalo lina gharama yake. Mtekaji nyara akishaingia ndani ya gari lenye vioo vyeusi, hakuna anayeona kwamba dereva yuko matatani.

Anayeogopa kioo kuvunjwa anahitaji karatasi ya usalama, ambayo ni nene zaidi. Tinti ya kawaida ina unene wa kama mikroni 40 hadi 50. Ya usalama huanzia mikroni 100. Inapatikana ikiwa nyeupe kabisa. Kioo kikipigwa hupasuka lakini vipande hushikana, na mwizi hulazimika kupiga mara kadhaa. Saidimira hazilindwi na karatasi yoyote. Kwa hizo, kuchora namba ya usajili kwenye kioo bado ndiyo kinga inayotumiwa na wengi, kwa kuwa kioo chenye namba ni kigumu kuuza.

Mbele ya fundi

Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan, na vibanda vya Ngong Road na Dagoretti Corner vina mafundi wa kila daraja. Fundi mzuri hutambulika kwa maji na usafi kuliko kwa ukubwa wa duka. Huosha kioo mara mbili au tatu, hukwangua gundi ya zamani, hunyunyiza maji yenye sabuni kidogo, huikata karatasi kwa umbo la kioo, huikunja kwa hewa moto, kisha huyakamua maji kwa raba kutoka katikati kwenda pembeni. Anayefanya kazi hiyo kando ya barabara yenye vumbi na matatu zinazopita atakuachia chembe chini ya karatasi, na hazitatoka.

Mteja aombe kuona boksi la karatasi lenye namba. Aulize kama ni ya rangi, ya metali au ya seramiki, na kama bei inajumuisha kuondoa ya zamani. Karatasi duni hugeuka zambarau na kutoa viputo, mara nyingi kwenye kioo cha nyuma kwanza. Kipande kishikwe juu ya kioo cha gari lenyewe, si hewani, kwa kuwa ile hesabu ya kuzidisha huonekana hapo hapo. Na kama muda unaruhusu, mteja arudi kukitazama tena saa moja jioni kabla ya kuamua.

Kioo cha nyuma kina nyaya nyembamba za kukausha ukungu. Fundi anayeondoa karatasi ya zamani kwa wembe akizikata, hazirudi. Njia salama ni kuilainisha gundi kwa mvuke au hewa moto na kuibandua polepole. Hilo liafikiwe kabla ya kazi kuanza, na liandikwe kwenye risiti.

Baada ya kubandikwa, vioo visiteremshwe kwa siku tatu hadi tano. Katika baridi ya Juni hadi Agosti, muda huo uongezwe hadi wiki moja, maana maji hukauka taratibu. Ukungu na viputo vidogo vya maji siku za kwanza ni vya kawaida, na visitobolewe kwa sindano.

Fundi naye anahitaji kibali cha biashara cha kaunti, na mabaki ya karatasi ni plastiki: yawekwe kwenye gunia na kupewa wazoaji taka. Yakitupwa mtaroni, mvua ya kwanza ya Aprili huyapeleka Mto Nairobi, na mtaro ulioziba hufurika mbele ya kibanda kile kile.